Kinamasi cha Hezron Kule Bugwema

Hezron alipochimba shimo lake kule Bugwema, ofisi ya mazingira aliiambia anatengeneza kinamasi, na wajomba zake akawaambia anawachimbia lambo la ng'ombe. Shukrani akazipokea pande zote mbili. Kwa miezi saba hakuna upande uliojua habari za mwenzake, na naamini muda wote huo mtu huyu alikuwa analala vizuri tu.

Lakini nianzie Mugango, maana huko ndiko jambo lilikoanzia.

Pale barabara ya kutoka Musoma inapokaribia ziwa, upande wa kushoto, kuna kinamasi tunakiita Nyarusese. Mafunjo yamesimama kumzidi mtu urefu, chini maji meusi, na ndani ya maji hayo kambare wanazaliana kama hawana kazi nyingine. Mgeni akipita anaona uchafu. Mvuvi wa sangara anaona chambo. Sangara wa siku hizi amekuwa mjanja, ukimwekea kipande cha samaki aliyekufa anakiangalia na kwenda zake. Anataka kambare mchanga, mzima, anayejipindapinda kwenye ndoano. Na kambare hao, kwa Mugango yote, wanatoka kwa mtu mmoja: Ghati, mama aliyeolewa hapa kutoka Tarime, akafiwa na mume, akabaki na migono yake ya kutegea samaki aliyoisuka kwa mkono. Kwa migono hiyo amesomesha watoto watatu. Hana shamba, hana ng'ombe. Ana Nyarusese, ambayo si yake.

Nusu ya Nyarusese ni ya Hezron. Baba yake alipewa sehemu hiyo wakati wa kugawana ardhi ya kijiji, wenzake wakamcheka kwamba amepewa maji. Hezron ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma, nilisoma naye darasa moja, na hata shuleni aliwahi kuwaambia walimu wawili habari mbili tofauti za utoro mmoja. Mwezi wa kwanza mwaka jana akaja na ramani ya rangi: fremu ishirini za maduka, kituo cha mafuta na ukumbi wa harusi. Vyote juu ya Nyarusese. Zile mita sitini za sheria kutoka ziwani alikuwa ameziacha, tena kwa kuzipima na kamba. Kilichobaki nyuma ya hizo mita ndicho alichotaka kukijaza kifusi cha moramu.

Sisi si wapumbavu, fremu tulizitaka. Mpaka leo hii msumari wa kupigilia mlango uliolegea tunaufuata Musoma. Vijana walipiga makofi mkutanoni mpaka mwenyekiti akawaomba wabakize mengine ya kufunga kikao. Tatizo langu mimi ni kukumbuka. Mvua za El Nino za tisini na nane, Nyarusese ilikunywa maji ya mlimani wiki nzima, nyumba za bondeni hazikulowa hata kizingiti. Mwaka elfu mbili na ishirini ziwa lilipopanda, waliohama ni wale waliokuwa wamefyeka mafunjo mbele ya nyumba zao ili walione ziwa. Waliliona. Nikasimama nikayasema hayo, nikaambiwa napinga maendeleo. Nimeambiwa hivyo tangu wakati wa kuuza ghala la ushirika, na ghala lenyewe sasa ni zizi la mbuzi, kwa hiyo nimezoea.

Ghati yeye hakuhutubia. Alinyoosha mkono akauliza, "Shemeji Hezron, nina swali dogo. Kambare wangu watazalia fremu namba ngapi?"

Watu wakacheka. Hezron naye akacheka, maana ni mtu wa watu. "Shemeji, wewe nitakupa fremu ya mbele kabisa. Utauza chambo ndani ya friji."

"Chambo kikiingia friji kinakufa, mura," Ghati akasema, akimwita kijana kwa Kikurya chake.

"Basi utauza soda."

Pembeni ya meza kuu alikaa afisa mazingira, dada mmoja anaitwa Jenipher, mwembamba, mpole, ambaye wengi tulidhani ni karani wa kuandika mahudhurio. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akasimama na kusema kwamba Hezron anaweza kuruhusiwa kufukia sehemu yake, kwa sharti moja. Kabla hata ya lori moja la moramu kumwagwa, atengeneze kinamasi kingine cha ukubwa uleule ndani ya wilaya, kiwe na maji, mafunjo na viumbe, na kivuke kiangazi kimoja kikiwa hai.

Pale mkutanoni kila mtu akaanza kutafsiri kichwani. Mzee mmoja akauliza kama serikali sasa inaagiza vyura.

Ghati ndiye aliyetufungulia. "Mbona ni jambo la kawaida," akasema. "Ukimuua ng'ombe wangu mwenye mimba, hunirudishii dume. Hunirudishii hata mtamba. Unaniletea mwenye mimba, anakaa zizini kwangu mpaka azae nione."

"Ndivyo hivyo," Jenipher akasema, na nikamwona anaandika. "Na kwenu huyo ng'ombe wa fidia anakaguliwaga na nani?"

"Na aliyeuliwa ng'ombe. Nani mwingine?"

"Basi mama, kiangazi kikiisha utakwenda na mimi kukagua. Ukisema kinafaa, nitaandika kinafaa."

Hivyo ndivyo Nyarusese ilivyowekwa mdomoni mwa Ghati. Hezron alitabasamu. Alijua mdomo wa mtu una njia zake.

Sasa, kinamasi kinahitaji ardhi, na ardhi Hezron aliifuata kwa mjomba wake, Mzee Makongoro wa Bugwema, ndugu wa mama yake, mwenye ng'ombe wengi na bonde refu ambalo mvua hupita bila kusimama. Hebu fikiria uso wa Mzee Makongoro kama mpwa wake angefika na kumwambia: mjomba, naomba eneo nipande magugu, nifuge vyura, na ng'ombe wako wasisogee. Hezron naye aliufikiria uso huo. Ndiyo maana alipofika alisema, "Mjomba, nimekumbuka nyumbani. Nataka niwachimbie lambo."

Kijiko cha kuchimbia kikaletwa kutoka Bunda. Masika yakajaza shimo. Mwezi wa tatu, baada ya misa, Bugwema walimchinjia Hezron dume. Wazee walimpa kiti katikati yao, wakamtemea mate ya baraka kifuani, akina mama wakapiga vigelegele, naye akasimama akasema maneno marefu kuhusu mtoto asiyesahau kwao. Habari hiyo ilinifikia mimi Mugango baadaye sana, na nyama yake haikunifikia kabisa.

Wiki hiyohiyo alikuwa Musoma akimtumia Jenipher picha. Baadaye alikuja nazo Mugango kwenye simu, akatuonyesha mimi na Ghati. Mafunjo yamepandwa kwenye mstari kama mahindi, aliyang'oa Nyarusese kwenyewe akayabeba kwa Fuso. Juu ya maji bata wawili. Ghati aliitazama simu muda mrefu, akasema, "Huyu bata mmoja ana kamba mguuni."

"Ni kivuli," Hezron akasema.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, Jenipher akatuita. Tuliondoka asubuhi kwa gari la ofisi: yeye mbele na dereva, nyuma Hezron, Ghati katikati, na mimi dirishani, niliyetumwa na kamati ya kijiji nikaone na kuandika. Ghati alikuwa amepakata ndoo yenye mfuniko, na mgono mmoja ameuweka chini ya miguu.

"Huo wa nini, shemeji?" Hezron akauliza.

"Nawasalimia kambare wako."

Hezron akafungua kifungo kimoja cha shati. Kwa kilomita nyingi alizungumzia fremu. Ile ya mbele, alisema, sasa ameamua iwe na baraza, na jina la Ghati liandikwe juu kwa rangi nyekundu. Kodi hatalipa, mpaka afe. Hata akifa, mtoto wake wa kwanza aendelee.

"Na mimi nifanye nini?" Ghati akauliza.

"Wewe hufanyi kitu. Unaangalia tu, unasema kinafaa."

Sitaki mtu aseme Ghati alikuwa mtakatifu. Magoti yake yameharibika kwa kusimama majini alfajiri miaka kumi na minne, na fremu yenye baraza ni kivuli. Niliona anaiwaza. Vidole vyake vilikuwa vinazunguka mfuniko wa ndoo. Baadaye akasema, taratibu, "Baba watoto alipokufa, watu walileta pole siku tatu. Siku ya nne nilikwenda Nyarusese. Ikanipa. Fremu, mura, inangojaga mteja. Hainipi siku ya nne."

Jenipher alikuwa anaangalia barabara, lakini sikio lake moja lilikuwa nyuma na sisi.

Hezron akatoa simu akampigia mjomba wake. Tulimsikia anaongea kwa sauti ya chini, mkono mdomoni: "Mjomba, wageni wa serikali wanakuja kuliona lile... lile eneo. Ndiyo, leo. Naomba uliandae vizuri. Vizuri kabisa, mjomba. Pasafishwe."

Hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe. Unamwambia mfugaji wa Bugwema kwamba wageni wa serikali wanakuja kuliona lambo, na kwamba aliandae vizuri. Ataliandaaje?

Tulivyopanda kale kakilima ka mwisho, bonde zima lilikuwa ng'ombe. Walikuwa wametolewa maboma yote, wakaoshwa, wengine wamefungwa kengele, dume la Mzee Makongoro limesimama mbele kabisa kama mwenyekiti. Waliokuwa majini walikunywa wamezama mpaka tumboni. Waliokuwa ukingoni walisubiri zamu. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge vya kwaya. Hakukuwa na funjo hata moja.

Mzee Makongoro alikuja kutupokea kwa mikono miwili. Ni mtu mrefu, na furaha yake ilikuwa ndefu kama yeye. "Karibuni, karibuni sana. Binti, wewe ndiye mkubwa wao? Karibu uone kazi ya mpwa wangu."

"Ahsante, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaona maji? Kiangazi hiki kwa mara ya kwanza hatujakwenda mtoni. Ndama hawajafa."

Jenipher akaangalia maji, ng'ombe, kisha karatasi yake. "Mzee, hapa palikuwa na mimea. Majani marefu hivi."

Uso wa mzee ukazidi kung'aa. "Umeambiwa? Palikuwa pachafu, mwanangu. Huyu mtoto ameshakuwa wa mjini, alichimba lambo likamshinda, likaota magugu yote haya. Hatukutaka kumsumbua. Tulitoka ukoo mzima siku mbili tukang'oa mpaka mizizi. Na vyura walikuwa wengi, wanapiga kelele, tukawapa bata."

"Bata wawili?" Ghati akauliza.

"Walikuwa wawili. Sasa ni tisa."

Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Jenipher hakucheka. Nilimheshimu kuanzia saa ile. Alimgeukia Ghati, akamwambia kama tulivyokubaliana mkutanoni, "Mama, kagua."

Ghati akavua viatu, akakunja kitenge, akaingia kati ya ng'ombe na mgono wake kama mtu aliyezaliwa nao, ndivyo alivyozaliwa hasa. Aliutega. Alikaa muda wa kutosha mtu kusali rozari moja, akauinua. Tope, na kinyesi cha ng'ombe. Akachota maji kwa ndoo, akayaangalia, akayamwaga.

"Hata kiluwiluwi," akasema.

"Kwani mlitaka vyura?" Mzee Makongoro akauliza. Sasa ndipo alipoanza kutuangalia mmoja mmoja. "Hezron. Hawa wageni wanatafuta nini?"

Hezron akaanza kukifunga tena kile kifungo cha shati. Jenipher akamweleza mzee kwa heshima, bila kuongeza chumvi: kule Mugango kuna kinamasi kinachotakiwa kufukiwa kwa ajili ya maduka, na hiki ndicho kilichoandikwa kwamba kitakuwa badala yake. Kama hiki ni kinamasi, ng'ombe watoke leo, pazungushwe uzio, mafunjo yarudishwe, naye atarudi kiangazi kijacho kuona kama vyura wamerudi, na kama wamerudi, Hezron atajenga. Kama hiki ni lambo, basi ni lambo, wala yeye halipingi. Lakini Nyarusese itabaki ilivyo.

"Bwana Hezron," akamaliza, "mimi naandika utakachosema."

Mzee Makongoro alimsubiri ng'ombe mmoja amalize kunywa na kutoka. Hakupandisha sauti. "Mpwa. Lile dume tulilochinja mwezi wa tatu lilikuwa la nini?"

Kusema kweli nilitamani aseme kinamasi. Nilitamani ukoo mzima umsikie, nami niandike kila neno na tarehe yake. Lakini nilimtazama Ghati, amesimama kwenye tope mpaka mashavu ya miguu, ndoo tupu mkononi, na nikaona kwamba yeye hatamani kitu kama hicho. Alikuwa anasubiri jibu, maana likiwa kinamasi, Nyarusese ingeweza kufukiwa. Uzio ungejengwa, mafunjo yangeota, pesa ya Hezron ingeweza kungoja kiangazi kingine. Na hapo mbele yake ndama walikuwa wanakunywa, naye ni mtoto wa wafugaji, hakuweza hata kuomba watolewe.

Hezron aliangalia kiti kilichowekwa chini ya turubai, kiti chake. Aliangalia wale akina mama wa kwaya, waliokuwa bado hawajaelewa na wanasubiri ishara ya kuimba.

"Ni lambo, mjomba," akasema. Ilikuwa sauti ndogo sana kwa mtu mwenye shati kubwa vile.

"Sema wasikie."

"Ni lambo."

Jenipher akaandika neno moja. Ghati akaigeuza ndoo juu chini, akaikalia palepale ukingoni, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anashika magoti yake. Kwaya wakaimba. Tulipewa maziwa ya mgando, na Hezron akapewa kibuyu kikubwa kuliko chetu. Mzee Makongoro alisimama kando yake mpaka akakimaliza chote.

Njiani kurudi tulipofika nusu, Hezron alikuwa tayari ameanza kupona. "Unajua, Nicolaus," akaniambia, "mimi tangu mwanzo nilikuwaga na wasiwasi na lile eneo la Nyarusese. Msingi ungetitia."

"Tangu mwanzo upi?"

"Ule wa mwanzo kabisa."

Fremu alizijenga. Alikuwa na kiwanja kingine juu ya barabara, mahali pakavu, ambapo alikuwa amemwaga msingi wa nyumba yake ya ghorofa ya kuonekana kutoka ziwani. Msingi ule umebeba fremu saba, na yeye na familia wanaishi vyumba vya nyuma wakija likizo. Kituo cha mafuta hakipo. Ukumbi wa harusi haupo, tunaoana kwenye turubai kama zamani. Saba si ishirini, na vijana waliopiga makofi wengi bado wako kijiweni. Wananiuliza mimi kana kwamba nilikula hizo kumi na tatu. Siwajibu vibaya. Nawaambia ardhi kavu iko tele kule juu, na mwenye ramani ya rangi aje, mradi ije na mtu anayejua kutofautisha fidia na zawadi.

Mvuvi wa Mugango sasa ananunua kambare kwa Ghati chini, kisha anapanda mlima kununua ndoano na kamba kwenye duka jipya la Hezron, analalamika kwamba ni mbali. Na akilalamika, Hezron akiwapo anamwekea kiti, anamweleza. Nimemsikia kwa masikio yangu. Anasema kulikuwa na mpango mkubwa wa kufukia Nyarusese, fremu ishirini, kituo cha mafuta, na yeye, kwa kuwapenda watu wake na samaki wao, ndiye aliyesimama akaukataa.

Juzi nilimfuata Ghati kinamasini asubuhi, nikamkuta anainua migono. Nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia twende tukamsute mbele ya watu, mimi maandishi ninayo, siku, saa, mpaka idadi ya bata.

Ghati alimwaga kambare kwenye ndoo, wakaanza kupigapiga mikia. "Mwache aseme, Nicolaus. Kila siku aseme. Akishaisema hadithi hiyo kwa wavuvi wote wa ziwa hili, ataifukiaje Nyarusese tena?"

Halafu akaniomba nitoe mguu wangu juu ya kamba yake.